Gari la Mama Mkwe na Kipimo cha Kelele

Jumatatu, 4 Machi

Habari mbaya kabla ya chai. Halmashauri inataka kutunga sheria ndogo ya kudhibiti ekzosi za kelele. Mjadala kesho, ukumbini. Aliyepeleka hoja: mama mkwe wangu.

Naandika tena nione kama uchungu utapungua. Mama mkwe wangu. Haukupungua.

Ni mkunga mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, nyumba ya pili kutoka kwetu. Na mimi ndiye fundi wa ekzosi wa mtaa huohuo. Mtu mzima, kitambi cha wastani, nywele zimebaki pembeni tu kama ukingo wa sufuria. Kazi yangu ni kuipasua sailensa, kuitoa matumbo na kuichomelea upya. Mteja anaondoka ananguruma. Mtaa wote unajua ametoka kwangu. Ndilo tatizo lenyewe.

Sheria ikipita, gereji kwisha. Na gereji ikiisha, mke wangu ameshanipangia: nitauza magodoro kwa shemeji, mdogo wake. Wauzaji wa shemeji wanavaa fulana ya njano yenye picha ya mtu aliyelala huku anatabasamu. Leo jioni shemeji kapita kuniuliza navaa saizi gani. Kaniuliza kwa upole. Matusi ya shemeji nayamudu. Upole wake ndio unaninyima raha.

Jumanne, 5 Machi

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Afisa wa mazingira kaja na mashine ya kupima sauti, kidude cha ukubwa wa rimoti, kichwani kimevikwa kofia ndogo ya sponji nyeusi, kama kitoto kinachokingwa baridi. Akatueleza desibeli. Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu, bila kuelewa. Seremala akauliza mbuzi akilia ni desibeli ngapi. Afisa akajibu inategemea mbuzi. Hapo mjadala ukapotea kwa muda mrefu, maana kila mtu ana mbuzi anayemjua.

Radi, dereva wa teksi na mteja wangu namba moja, akasimama kututetea. Kelele ni usalama, akasema. Mtu akinisikia nikiwa bado kona ya pili, anavuka kwa akili zake. Anayekuja kimyakimya ndiye anayegonga watu. Makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Kisha akasimama Mama. Hakupaza sauti. Alitumia ile sauti yake ya wodini, inayomfanya mtu mzima alale chali bila kuambiwa mara mbili. Akasema miaka yote amesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kwa kipembe cha mbao, sikio huku, tumbo kule. Siku moja moyo ule ulikuwa dhaifu, yeye anahesabu, ikapita pikipiki dirishani inapasua anga. Akaupoteza. Ikabidi aanze upya, na yule mama mzazi anamtazama usoni kujua kama mwanawe yu hai.

Radi akatazama viatu vyake. Nami nikatazama vyangu, nikagundua nimevaa viwili visivyofanana.

Dereva simlaumu, Mama akaendelea, dereva ni mnunuzi tu. Kuna anayemuuzia. Hakunitazama. Ukumbi mzima ukanitazama kwa niaba yake.

Diwani akasema namba za mashine zitatuchanganya, afadhali tupate gari moja la mfano. Mama akajibu bila kusita: "Gari langu liwe kipimo. Atakayelizidi, aegeshe." Ni kigari cha bluu, cha zamani, kimya hata kuku hawakipishi njia. Wakakubaliana hivi: Jumamosi, uwanja wa halmashauri. Gari litakalozidi kelele za gari la Mama litaegeshwa, na gereji iliyolichezea itafungwa.

Nilipiga makofi pamoja na wengine, na katikati ya makofi nikapata wazo. Kama gari la Mama ndilo kipimo, kwa nini nihangaike kuwashusha wateja wangu wote? Si nimpandishe Mama peke yake?

Nikatoka mbio kabla kikao hakijafungwa. Wazo likishanijia huwa sikai nalo. Mke wangu anasema ndiyo maana mawazo yangu huwa mabichi. Wivu.

Jumatano, 6 Machi

Nilikwenda kwa Mama nimenyoa ndevu. Nikasimama mlangoni, nikaamkia, nikainamisha kichwa. Nikamwambia nimeyatafakari maneno yake ya jana. Gari lake sasa ni gari la umma, haifai liende uwanjani bila kukaguliwa. Niruhusu, Mama, nilifanyie sevisi kwa mikono yangu.

Akanitazama muda mrefu. Nikahisi anahesabu mapigo. Kisha akanipa ufunguo akasema, "Nilijua una moyo, mwanangu. Nilikuwa nasubiri uutoe." Nikaelekea gereji masikio yakiwa ya moto.

Kazi nimeifanya vizuri mno, naandika hili kwa masikitiko. Nimeipasua sailensa kwa juu, pasipoonekana, nikatoa vibomba vya ndani vyote, nikafunga, nikapaka tope na kutu ili ifanane na uzee wake. Nikawasha. Bati la paa likatetemeka, na paka aliyekuwa amelala juu ya matairi hajarudi hadi sasa.

Shida: Mama hawezi kuendesha hivi kutoka leo hadi Jumamosi bila kushtuka. Lazima liwe kimya njiani, lingurume uwanjani. Nilizunguka gereji mara kadhaa nikiwaza. Kisha nikaenda jikoni kwetu, nikachukua zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zote, nikazisokota zikawa kizibo, nikakisukuma ndani ya bomba la nyuma na kuacha kiwaya kidogo kikining'inia. Nikawasha tena. Kimya kitamu. Jumamosi navuta waya, basi.

Mimi si mtu wa kujisifu. Ila kuna siku najishangaa.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya roho juu.

Asubuhi mke wangu kauliza nani kachukua nyuzi zake za kusugulia sufuria. Nikasema labda panya. Akauliza panya wa wapi anakula chuma. Nikasema siku hizi maisha magumu hata kwa panya. Hakucheka. Amekaa na sufuria iliyoungua mapajani kama mtu aliyefiwa.

Mchana Mama kapita akasema gari limekuwa zito kupanda kilima, kama linabanwa kifua. Nikamwambia ni oili mpya, bado hawajazoeana. Akaitikia "hee," ile hee fupi ya wakunga, ambayo haisemi ndiyo wala hapana.

Kisha yule shemeji. Nimemkuta amechuchumaa nyuma ya gari la Mama, nje ya duka lake la magodoro, ameshika kile kiwaya kwa vidole viwili.

"Shemeji, hiki nini?"

"Kiacheni hicho! Ni ethi." Sijui kwa nini nilimwambia kwa wingi. Hofu inaniongezea heshima.

"Ethi ya bomba la moshi?"

"Ndiyo teknolojia ya sasa. Radi ya mvua ikipiga, inashukia hapo."

Akakiachia polepole, akafuta vidole kwenye fulana, juu ya uso wa yule mtu anayetabasamu. Nikaegemea godoro la maonyesho kidogo tu, nikapitiwa na usingizi. Nilipoamka shemeji alikuwa anawaonyesha wateja jinsi godoro linavyofanya kazi, na mfano ni mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Karibu nitubu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Mama kaja gerejini na chupa ya chai. Kakaa kwenye kiti changu kibovu bila kulalamika. Akasema ameshawaambia wanakamati wote kwamba mkwe wake kalifanyia gari lake sevisi kwa hiari, hakuna mkono mwingine uliolishika, na kwamba sheria ikipita atamwomba diwani kazi zote za kuzirudisha ekzosi katika hali ya kawaida nipewe mimi. Hataki nife njaa, akasema. Anataka niwe kimya tu.

Nikafungua mdomo nimwambie. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno kabisa.

Basi akaingia mke wangu na mfuko. Ndani, fulana ya njano. Shemeji kaituma nijaribu, kwa tahadhari. Saizi yangu kamili. Nikamwona yule mtu aliyelala ananitabasamia, nikafunga mdomo.

Jumamosi, 9 Machi

Mkono wa kulia umefungwa bandeji, kwa hiyo naandika kwa wa kushoto. Mwandiko huu ni wa maumivu, si wa ulevi.

Uwanja ulijaa. Gari la Mama mbele, kama bibi harusi. Nyuma yake teksi ya Radi na pikipiki kadhaa. Nilijisogeza hadi nyuma ya gari la Mama nikajifanya nakagua tairi. Mama akawasha. Afisa akainua kidude chake. Nikavuta waya.

Kizibo kikatoka, kimeiva. Nyuzi za chuma zilizokaa kwenye moshi kutoka nyumbani hadi uwanjani si kitu cha kushika. Lakini watu wamenizunguka, nikikitupa watakiona. Nikakificha nyuma ya mgongo, nikahamisha kutoka mkono hadi mkono, huku natabasamu. Wengine walidhani nacheza.

Na gari likanguruma. Jamani, kazi nzuri ni kazi nzuri. Njiwa wa paa la halmashauri waliondoka wote kwa pamoja. Diwani aliziba masikio kwa mafaili. Kule nyuma vijana wa pikipiki walimtazama Mama kwa heshima mpya.

Nikasema kwa sauti, na mkono unaungua, kwamba basi, wananchi wenzangu, kipimo tumekisikia, na sheria ni sheria.

Afisa akatikisa kichwa. Kipimo, akasema, alishakichukua Jumanne, nje ya ukumbi, mara tu kikao kilipofungwa. Mama alimwashia gari mbele ya wote. Namba imo humu kwenye mashine. Leo wanapima watakaoizidi tu, na gari la Mama limewekwa mbele kwa heshima.

Jumanne. Kikao kilipofungwa. Mimi nikiwa mbio barabarani na wazo langu.

Wakapima teksi ya Radi. Kimya, inanong'ona. Nikamtazama. Akaniambia bila kunitazama, "Fundi, nimerudisha sailensa ya kiwandani. Nina watoto." Wale wa pikipiki nao wamefanya hivyohivyo. Nadhani walikubaliana siku ileile, maana wote walibaki ukumbini hadi mwisho. Gari moja tu uwanja mzima limevunja sheria. La aliyeiomba.

Mama akazima injini. Akashuka taratibu, akazunguka nyuma, akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la kutokea. Akaigonga sailensa kwa vifundo vya vidole, huku ameinamisha sikio. Akagonga tena. Akasema, "Humu ndani hakuna kitu."

Mimi nilikuwa naona nyota za mchana. Mkono ukakataa. Kizibo kikaanguka, kikabingirika hadi miguuni pa mke wangu, kinafuka moshi.

Mke wangu akakitazama. Akainama akakitazama vizuri.

"Hizi ni za kwangu za sufuria," akasema.

Diwani akamuuliza Mama nani alilishika gari mara ya mwisho. Mama hakuwa na haja ya kujibu. Alishawaambia jana, kamati nzima. Alinitazama tu, akasema liegesheni, na mimi mtanitoza kama mtu yeyote. Akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Nilimfuata kwa nyuma nikiomba radhi, akanijibu jambo moja: nikafunge mkono huo kabla haujaoza.

Gereji imepigwa kufuli la halmashauri saa ya chakula.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi nauza magodoro. Njano hainipendezi, mke wangu anasema inanifaa. Anazungumza nami sasa, maneno ya lazima tu, na kila jioni ananikabidhi sufuria.

Mchana halmashauri inanifungulia gereji kwa masharti. Nitairudishia kila ekzosi niliyowahi kuichezea matumbo yake, na kila moja itapimwa kabla haijatoka. Ikizidi namba, haitoki. Zikiisha zote bila kosa, kufuli linaondoka. Msimamizi: Mama. Anakaa kwenye kiti changu kibovu, mashine ya afisa mapajani. Gari lake lilikuwa la kwanza. Aliligonga, akasikiliza, akapima, akasema "hee." Hii ilikuwa nyingine, karibu na ndiyo. Macho yakanilowa kidogo. Nikasema ni moshi.

Nimejifunza, naandika hapa kwa dhati. Kosa langu lilikuwa kubwa na liko wazi: nilihangaika na gari.

Kazi yenyewe ni ndefu. Vibomba vya ndani ni vidogo, na bandeji inanizuia. Nikivifunga nusu tu kwa kila sailensa ningemaliza upesi, ila mashine haitakubali. Nimeitazama vizuri leo, Mama alipokwenda kuchemsha chai na kuiacha kitini. Haina maajabu. Inasikia kwa kichwa, na kichwani kuna ile kofia ya sponji, nyembamba sana. Unaivua kwa vidole viwili.

Na mimi kutwa nzima nimezungukwa na sponji. Nimekata kipande kidogo tu, kwenye pembe ya godoro la chini kabisa, ambalo shemeji hatalifikia mpaka mwaka kesho. Sponji nzito, ya daraja la kwanza. Nitakipaka rangi nyeusi kesho.