Namba Ishirini na Tano Aliyejishika Mwenyewe

Leo nimepatikana, jamani. Si kidogo. Nimepatikana mbele ya paredi nzima, mbele ya mkuu wa shule, mbele ya mgeni rasmi na kitenge chake kipya, na hivi ninavyoandika vumbi la shuleni Ipagala bado liko puani. Nipo kafe ya intaneti hapa mjini. Hata nyumbani, mtaa wa Kikuyu, sijapita kunawa uso.

Mnaikumbuka kompyuta yetu? Ile moja, ya kuazimwa na mradi. Leo kamati ya mradi ilikuwa inakuja kuamua kama inabaki kwetu au inapakiwa kwenye gari iende shule nyingine. Walishapelekewa maneno kwamba wanafunzi hawaigusi, kwamba ni kidude cha kuchezea mwalimu wa baiolojia. (Mwalimu wa baiolojia ni mimi. Na maneno yenyewe yana ukweli kidogo.) Mkuu akaniita ofisini. "Madam Zuhura, umeikalia wewe, utaitetea wewe. Ikiondoka, hawa wasichana nitawafundishia kompyuta ya kuchora ubaoni."

Nikasema moyoni, wanataka wanafunzi? Nitawapa wanafunzi mpaka waseme basi.

Kwa wale mlioikimbia baiolojia: protini ni mnyororo. Pete zake zinaitwa asidi amino, na kila moja ina namba yake kwenye foleni. Mnyororo huo haukai umenyooka, unajikunja. Na unajikunja vilevile kila mara, bila mtu wa kuukunja! Kazi yangu kwenye ile kompyuta ni kuuliza jambo moja tu: baada ya kujikunja, nani kamgusa nani? Namba 29 na namba 87, kwa mfano, kwenye foleni wako mbali, hata salamu hawapeani. Mnyororo ukishajikunja, unawakuta wameegemeana mabega. Siku nilipoliona hilo kwa mara ya kwanza nilinyamaza. (Mimi! Kunyamaza!) Nilijiona kama mtu aliyechungulia jikoni kwa Mungu.

Rafiki yangu aliyeko masomoni nje alinitumia vipimo vya protini moja ndani ya disketi. Ni ndogo, pete tisini na tisa, lakini ni ya virusi vya UKIMWI. Ndiyo mkasi wa hivyo virusi. Bila huo mkasi virusi haviwezi kukata vipande vya kujijengea. Nikaandika programu ya kupima umbali kati ya kila pete na kila pete, na kuchapisha walio karibu. Ikachapisha. Katikati ya majibu nikakuta hivi: 25 amegusana na 25.

Yaani anajigusa mwenyewe! Chini kidogo, 50 na 50. Mtu mwenye akili zake angesema, hapa nimekosea. Mimi nikasema nimegundua. Nikaingia ofisi ya walimu nimepanua mabega, nikatangaza kwamba duniani kuna asidi amino inayojikumbatia. Mwalimu Ndahani wa hesabu akashusha miwani. "Zuhura, kitu kinakuwaje na umbali kutoka kwacho chenyewe?"

"Ndahani, kaa na hesabu zako. Uhai una mambo." (Nilisema hivyo. Kwa sauti. Walimu wote walisikia.)

Basi leo. Wageni chini ya turubai, wasichana tisini na tisa uwanjani, kila mmoja na namba kifuani, wameshikana mikono mnyororo mmoja. Mimi na kipaza sauti. Mgeni rasmi ni mama wa makamo, mwenyekiti wa kamati, mtaratibu, hana papara. Nikampa shikamoo yake, akaitika, "Marahaba mwanangu, haya tuone."

Nikasema, "Jikunjeni!" Wakajikunja kama tulivyofanya mazoezi. 29 akamfikia 87, wakaegemeana. Wageni wakapiga makofi. Mkuu akatabasamu, na mkuu wetu hatabasamu ovyo. Kompyuta nikaiona imebaki. Hapo ningenyamaza, sasa hivi nisingekuwa nawaandikia.

"Na sasa, ndugu wageni," nikavuta sauti, "ugunduzi wa shule yetu. Namba ishirini na tano!"

Namba 25 alikuwa Nyemo, msichana wa kidato cha tatu, mpole lakini haogopi kuuliza. "Madam, nijishikeje? Mikono yote imeshikwa."

"Jikumbatie!"

"Nikijikumbatia nitawaachia wenzangu."

"Nyemo! Wageni wanasubiri!"

Akajikumbatia. Namba 50 naye, kwa utii, akajikumbatia. Sasa fikirini wasichana tisini na tisa waliokunjana na kuegemeana, halafu wawili wanaachia. Looo! Upande huu ukaenda chali, upande ule ukaenda kifudifudi. Upepo wetu mnaujua, ukabeba namba zote ukazitupa kwenye shamba la zabibu la jirani. Vumbi likatanda mpaka wageni sikuwaona, nikawa nasikia kikohozi tu.

Vumbi lilipotua, mgeni rasmi alikuwa amesimama. "Mwanangu, kabla ya kamati mimi nilikuwa mwalimu. Nikiita namba ishirini na tano, walikuwa wanasimama wawili. Mmoja wa mkondo A, mmoja wa mkondo B. Huyu wako ni wa mkondo gani?"

Jamani. Hapo ndipo nikaikumbuka ile disketi.

Kwenye ile disketi kila pete ina herufi pembeni. A, A, A, mpaka 99. Halafu B, na namba zinaanza upya moja. Mimi nilidhani ni kopi! Nikadhani waungwana walioipima wameandika mara mbili wasije wakapoteza! Na herufi zilikuwa zinanijazia skrini, nikaiambia programu isizisome. Mimi, mwalimu wa darasa wa kidato cha pili B, ninayegombania chaki na kidato cha pili A kila asubuhi ya Mungu!

"MUNGU WANGU, NI WAWILI!" nikapiga ukelele, kipaza sauti mdomoni. Spika zilipeleka habari hiyo mtaa wa tatu. Ndahani alifumba macho kwa raha, kama mtu anayesikiliza kwaya.

Nikakiri. Ningefanyaje? "Ndugu wageni, hakuna ugunduzi. Nimechanganya A na B." Wageni wakacheka. Wasichana wakacheka. Mpishi wa shule alitoka na mwiko mkononi aje kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akacheka. Mkuu hakucheka.

Lakini kichwa changu kilishaondoka, jamani, kilikuwa kwenye ule mkasi. Nikawainua walioanguka, nikawaita wasichana wengine waliokuwa wanatazama, wakajihesabu, wakashikana mikono mnyororo wa pili, sawasawa na wa kwanza. Minyororo yote miwili ikajikunja. Na hapo, katikati ya uwanja, 25 wa A na 25 wa B wakajikuta ana kwa ana. Wakagusana paji kwa paji, bila kuachia mikono ya wenzao. Kule nyuma, 1 wa huku akapishana na 99 wa kule. Mbele, 50 na 50 wakasogeleana kama milango miwili ya kabati. Mkasi una vipande viwili! Kipande kimoja peke yake hakikati kitu.  Nami machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Kitu kidogo kiasi hicho, hakionekani kwa jicho, na kimepangwa hivyo!

"Na hapo katikati palipobaki wazi, pana nini?" akauliza mgeni rasmi, sauti imeshuka.

"Hapo ndipo virusi vinapokatia, mama. Na hapo ndipo zinapokaa zile dawa mpya tunazozisikia kwa wenzetu. Dawa ikikaa hapo, mkasi haukati tena."

Hakuna aliyecheka. Kwenye uwanja ule hakuna ambaye hajazika mtu. Mgeni rasmi akatoka kwenye turubai taratibu, akaingia pale katikati, akasimama. 50 na 50 wakafunga. Akawapapasa vichwa waliokuwa karibu, mmoja mmoja.

Halafu akasema, "Haya wanangu, nifungulieni."

Na mimi (huu mdomo! huu mdomo!) nikasema kwenye kipaza sauti, "Haifunguki, mheshimiwa! Dawa nzuri ikishaingia haitoki!"

Wasichana wakachukua hiyo kuwa amri. Wakabana. Mia moja tisini na nane! Kitenge kipya kikapotea, kilemba kikaonekana mara moja kikazama. "Fungueni!" nikalia. "Madam umesema haitoki!" Nyemo akajibu kutoka huko ndani. Mkuu alininyang'anya kipaza sauti: "Mwachieni mgeni rasmi!"

Ndipo ikatoka sauti katikati ya mkasi, imekabwa lakini inacheka: "Kompyuta inabaki! Wameigusa hawa, wameigusa! Anayeondoka ni mwalimu. Akasomeshwe, maana anajua nusu!"

Shangwe iliyopigwa hapo sijawahi kuisikia. Wakafungua. Mgeni rasmi akatoka, kilemba begani, akanishika mkono akaniambia hatanii, kuna kozi mjini, naanza wiki ijayo, nikajiandikishe leo leo. Dereva wa mradi akasogea na kamba zake, akauliza, "Sasa mimi napakia nini?"

Mgeni rasmi akaninyooshea kidole.

Hivyo ndivyo nilivyofika mjini, nyuma ya pikapu, nimekalia godoro lililotandikwa kwa ajili ya kompyuta. Msinicheke. Mkuu kanisindikiza mpaka getini akimsisitiza dereva apite kwenye mashimo polepole, nisije nikaharibika.