Siku Eddie Alipochomoa Waya

Jumamosi moja ya mwaka 2005, Njoroge aliingia mkahawani kwa Wambui, nyuma ya soko la Lewisham, London, na gazeti la jana, la bure la kwenye treni. Njoroge anaendesha basi, na kwa mdomo wake tunamwita Bunge. Hakungoja hata chai.

"Sikieni! Kampuni ya tikiti za ndege imezimika siku mbili. Watu wanalala airport. Ati seva yao, ile kompyuta kubwa, ilikuwa na njia mbili za kufika kwenye diski za kumbukumbu, moja ikifa nyingine iendelee. Kumbe zote zinapitia kisanduku kimoja. Kisanduku kimeungua!"

"Hongera zao," nikasema. "Barabara mbili, daraja moja."

Tukamgeukia Eddie. Eddie ni mtu wa kompyuta katika kampuni moja ya Croydon inayotunza picha za X-ray za makliniki. Msimu mzima wa baridi alitutambia njia zake mbili mpaka likawa jina lake.

"Njia Mbili, toa hoja!" Bunge akaamuru.

Eddie alikuwa anachungulia kikombe.

"Hao ni wajinga," akasema, sauti ndogo.

"Na zako zinapitia wapi?"

"Kwenye swichi, kile kisanduku cha kuunganisha waya."

"Swichi ngapi?"

"Bunge, leo niko off."

"Swichi ngapi, mheshimiwa?"

"Moja."

Wambui alilazimika kuweka birika chini, kwa kicheko. Aliyenuna ni Josée peke yake. Josée ni wa Bukavu, anatunza wazee huko Catford, na Jumanne iliyofuata alikuwa afanyiwe operesheni ya goti.

"Eddie, na picha ya goti yangu iko mule?"

"Iko, Mama."

"Kwa ile swichi moja?"

"Ndiyo, Mama."

"Ikiungua, daktari atapasua goti gani? Ya kubahatisha?"

Eddie akainua mikono. "Niliomba ya pili mwezi wa tatu! Boss wangu, Maureen, akasema moja inafanya kazi, nyingine itakaa tu ikila umeme."

"Na wewe ukasema nini?" nikauliza.

"Nikasema sawa. Contract ilikuwa inaisha, ningesema nini?"

"Na kwa ripoti?"

"Nikaandika njia mbili."

"Hujadanganya," Bunge akasema kwa heshima kubwa. "Waya ni mbili, hesabu iko sawa. Wewe ni waziri kabisa."

Josée akachukua simu ya Eddie mezani, akamwekea mkononi.

"Piga. Na weka loudspeaker, tusikie bote."

Eddie akapiga. Akaomba tena swichi ya pili. Maureen ni Mkenya mwenzetu, lakini Jumamosi hana udugu.

"Eddie, si hiyo ya pili ni ya ziada tu?"

"Ni ya ziada, madam. Ile ya kwanza ikifa, hiyo ya ziada ndiyo kampuni." Akavuta gazeti la Bunge karibu. "Umeona gazeti, madam?"

"Nimeona. Tutanunua Jumatatu."

Josée akatikisa kidole.

"Madam, kuna mgonjwa hapa anasema leo."

"Mgonjwa gani?"

"Wa goti."

Maureen akashusha pumzi. "Ofisi yetu ya Ilford wana moja mpya. Wanaegemezea mlango. Kachukue, nitakufungulia Croydon."

Eddie akatoka mbio, chai nusu. Bunge akainywa.

Wambui alikuwa anapindua viti juu ya meza Eddie aliporudi, shati limejaa vumbi, uso unang'aa.

"Tayari! Waya mmoja swichi hii, mwingine ile. Mwanzoni seva ikaona kila diski mara mbili."

"Kama wewe Ijumaa baada ya bia," Bunge akasema.

"Nikaielekeza kwamba ni diski ileile, inafikiwa kwa njia mbili. Halafu ikabaki kujaribu." Akashusha sauti. "Nikashika waya wa kwanza. Maureen kasimama mlangoni, anaomba Mungu. Nikachomoa!"

Josée akashika goti. "Halafu?"

"Halafu hakuna!"

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama! Picha zinafunguka kama kawaida. Na goti lako liko, nimeliona."

Josée akafumba macho, midomo ikacheza bila sauti. Kisha akamvuta Eddie kichwa, akambusu kwenye paji la uso.

Bunge hakuguswa. "Ngoja nielewe. Umeenda Ilford, ukabeba chuma mpaka Croydon, ukachomoa waya, na hakuna kilichotokea?"

"Hakuna!"

"Na Maureen akasema?"

"Ameniongezea contract mwaka mzima."

Bunge akakunja gazeti, akavaa koti lake la kazi.

"London hii! Wewe kitu kisipotokea, unaongezewa mwaka. Mimi basi lisipotokea, natukanwa na kituo kizima."