Afisa wa Kukagua Seva

Katika wilaya nzima ya Biharamulo, mtu aliyewahi kusoma mkataba wa intaneti mpaka mwisho alikuwa mmoja tu, naye alikuwa tapeli. Hata yeye aliusoma kwa bahati. Audax alikuwa amekaa kwenye benchi la wakala akisubiri mvua ikatike, simu imezima, na karatasi ile ikawa kitu pekee cha kusoma. Ukurasa wa sita, kwa herufi ndogo kama sisimizi, akakuta: *Mteja wa kifurushi cha nyumbani haruhusiwi kuendesha seva.*

"Seva ndiyo nini?" akamuuliza wakala.

"Kompyuta ya kugawia wengine vitu. Wewe unapokea tu, yenyewe inatoa."

"Na watu wanajua imekatazwa?"

"Hata mimi unanijulisha wewe."

Audax akaikunja karatasi taratibu, kama mtu akunjaye hati ya kiwanja. Alikwisha kuuza majivu kwa jina la mbolea, na stika za kuongeza chaji ya simu. Lakini katazo lisilojulikana, juu ya kitu kisichoonekana, tena kutoka kwa kampuni yenyewe! Kampuni inakuuzia njia ya kwenda sokoni, halafu inakukataza kubeba kikapu. Tapeli wa kawaida hana ubunifu huo.

Kesho yake akawa afisa. Alivaa reflekta, akaning'iniza kitambulisho kilichochapwa steshenari, akachonga muhuri, na pikipiki yake akaibandika neno UKAGUZI.

Alianzia Runazi, kwa mzee Ngeleja, mfugaji aliyehamia miaka mingi iliyopita kutoka Shinyanga.

"Shikamoo mzee. Una seva humu?"

"Marahaba. Sina hata moja, bwana mkubwa."

"Wote husema hivyo. Na hiki kinachowaka taa?"

"Cha intaneti. Binti yangu Happy anasoma Rulenge. Tunaonana kwa simu."

"Yeye naye anakuona?"

"Ananiona vizuri kabisa."

Audax akatikisa kichwa kwa huzuni ya kiserikali. "Basi unatoa picha, mzee. Anayetoa ana seva."

Mzee aliomba, akaapa, mwisho akamfungulia mbuzi wawili ili jambo lisifike mbali. Wiki hiyo Audax alivuna vijiji vitatu. Mama mmoja alilipa faini ya friji. Katekista mmoja alisalimisha pasi ya umeme kwa hiari yake, na Audax akaipokea kwa risiti yenye muhuri.

Huko njiani akasikia kwamba seva ya kweli ipo Rulenge, wilaya ya jirani, kwa Mwalimu Deodata, mstaafu wa hisabati. Kompyuta yake iliweka masomo na mitihani ya nyuma, na wanafunzi kutoka Rulenge mpaka Murukulazo waliyasoma bure kwa simu zao. Audax akachukua chumba nyuma ya soko, akapiga pasi reflekta yake kwa ile pasi ya katekista, akaenda.

Asichojua ni kwamba Happy, binti wa Ngeleja, alikuwa mmoja wa wanafunzi wale, na alikwisha kumsimulia mwalimu habari ya mbuzi huku analia.

"Karibu, mwanangu," alisema Mwalimu Deodata. "Nilijua utafika."

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya seva."

"Marahaba. Kagua."

Sebuleni, juu ya meza, kulikuwa na kasha la bati la kompyuta kubwa ya zamani. Lilikuwa limefungwa kwa skrubu pande zote, feni inavuma ndani, taa ya kijani inapepesa, na namba nyekundu zinaonyesha 37.7. Audax, ambaye kwa wiki nzima alikuwa amekamata seva nyingi bila kuona hata moja, akasisimka.

"Ndiyo hii?"

"Afisa ni wewe. Wewe unaonaje?"

"Ni yenyewe," alisema Audax. "Mwalimu, hii imekatazwa."

"Na hujajiuliza kwa nini? Wakubwa wanakataza kitu kisicho na faida?"

Audax hakuwa amejiuliza. Akajiuliza sasa, papo hapo, na jibu alilojipa likamkausha mate. "Kwani inatoa nini?"

"Leo ndiyo nimeiwasha. Siku ya ishirini na moja vilivyomo vinaanza kutoka. Mwanzoni vidogo. Ukivitunza vinakua, na vikikua vinazaa."

"Pesa za mtandaoni!" alinong'ona.

"Mimi sijasema hivyo," alijibu mwalimu, na ni kweli hakusema. "Ila kwa umri wangu sitaweza kuihudumia. Asubuhi uiinamishe kushoto, jioni kulia. Maji uweke kidogo kwenye hiki kitundu. Umeme ukikatika, ifunike blanketi."

Audax alisahau faini. Alisahau hata kampuni. Akaitaka mashine ile kuliko alivyowahi kutaka kitu, na kwa kuwa mwalimu hakutaka fedha, akatoa pikipiki. Mkataba aliuandika mwenyewe, kwa haraka, mwalimu asije akaghairi. Akaupiga muhuri wake, na Juvenali mwenye duka jirani akaitwa awe shahidi.

Kwa wiki tatu tapeli yule alilea mashine kama mzazi wa mtoto njiti. Aliiinamisha. Aliinywesha. Siku umeme ulipokatika aliikumbatia ndani ya blanketi mchana kutwa, jasho likimtiririka, akiibembeleza isikate tamaa.

Siku ya ishirini na moja, saa nne asubuhi, mashine ikalia.

*Piyo.*

Audax alilegeza skrubu zote. Vifaranga ishirini na watatu, wa njano, wakamtazama kama mama yao.

Alifika kwa mwalimu anafoka, boksi kifuani. "Umenitapeli! Ulisema ni seva!"

"Wewe ndiye uliyesema." Akafunua kitambaa cha kufuma kilichofunika kabati la pembeni. Chini yake palikuwa na kompyuta ndogo, tulivu. "Seva ni hii. Nalipia kifurushi cha ofisi kinachoiruhusu. Na mimi huwa nasoma mikataba, mwanangu."

"Nirudishie pikipiki yangu!"

"Iko Runazi. Mzee Ngeleja anabebea mihogo. Kama huridhiki, twende kituoni. Mkataba ninao, una muhuri wako na cheo chako. Watapenda kukujua, afisa."

 Audax akakumbuka muhuri, reflekta, pasi ya katekista. Habari ya kituo ikaishia hapo. Ndani ya boksi ishirini na watatu waliendelea kulia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kulikuwa na watu, tuseme hivyo, waliomwamini bila kudanganywa.

"Wana njaa," alisema mwalimu, akichungulia. "Usiwape mahindi mazima, yatawakaba. Chakula cha vifaranga kipo kwa Juvenali."

Audax aligeuka akiwa mlangoni.

"Kilo moja inawatosha?" akauliza.