Vita vya Ndoo Nyeupe na Mche Unaonusa

Tegeni masikio, enyi malkia wa majiko, mnaoteka na mnaofunika! Nawasimulia vita vilivyopiganwa kati ya sinki na dirisha la nyumba yangu, nisije nikafa navyo moyoni, nanyi mkaendelea kunywa mnachokunywa.

Binti yangu, shujaa wa maabara, afumaye mbegu kwa vyombo visivyoonekana, alisafiri siku tatu akaniachia mwanawe mdogo, na mche wake ndani ya kopo. Akanena: "Mama, huu si wa urembo. Tumeupachika vipande vitatu vya vinasaba: kimoja kinanusa, cha pili kinapeleka habari, cha tatu kinageuza majani yawe mekundu. Ni kama jiko la gesi: unabadilisha mtungi, jiko ni lile lile; hapa tunabadilisha pua. Huu tumeupa pua ya kunusa madini ya risasi, ile sumu ya kimya. Upe maji ya chupa tu. Nikirudi nauonyesha kwa mkuu wangu."

"Maji ya chupa kwa majani! Na sisi tunywe umande?"

"Mama!"

"Haya, nimesikia."

Nilisikia, lakini sikio halipiti kichwa, na mimi ndiye niliyemzaa. Nikamwendea Ndoo Nyeupe, mfalme wa kona ya jiko, aliyeingia kwetu amejaa rangi ya ukuta, akakaa na maji yetu ya kunywa miaka tisa. Nikachota, nikamwagilia. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tatu, lahaula! Majani mekundu kama macho ya mlevi.

Nimemuulia mwanangu kazi! Nikaufunika mche kwa kitambaa cha meza, nikasimama mbele yake kama ngome.

Binti akaingia, akafunua.

"Mama, umeupa maji ya wapi?"

"Ya... ya chupa."

"Mama."

"Ya ndoo! Nipige mawe. Nimekuharibia?"

Alikuwa akimtazama mjukuu wangu sakafuni, kikombe mkononi, maji ya ndoo yakimchuruzika kidevuni.

"Hujaharibu kitu," akasema polepole. "Mche umefanya kazi yake: rangi ya ile ndoo ilikuwa na risasi."

Hapo nikapata nguvu za simba. Nikanyakua kikombe kama mwewe. Nikamkumbatia mfalme kiunoni; akanguruma, akanilowesha mpaka kifuani, nami nikamburuta hadi uani na kumpindua.

"Jirani, ndoo nzima hiyo!" akaita fundi cherehani wa mlango wa pili. "Nipe mimi niwekee maji."

"Hata adui yangu simpi!" Nikamtoboa kitako kwa msumari, tundu saba, asirithiwe na mtu.

Damu ya mtoto tulienda kuipima. Nilisali foleni nzima, ikakutwa salama. Mkuu wa maabara naye akauliza nani aliyefanya jaribio zuri namna ile. Binti akajibu, "Mama yangu, kwa ubishi."

Basi ulizeni ndoo zenu zilizaliwa kiwandani kubeba nini. Sisi tukanunua mtungi mpya wa maji ya kunywa, maji yake nikaumwagilia mche, nikangoja. Siku ya tisa likachipua jani, dogo kama ukucha.

Kijani.

Na iandikwe: siku hiyo mtoto aliomba maji, nami nikampa.