Sabuni ya Kemuma Yapimwa kwa Jani

Jumatatu, 5 Machi 1951. Nyakoe.
Sabuni imeganda. Nimeipa jina la marehemu mke wangu, Kemuma, aliyekuwa akiimba polepole akikoroga chungu. Osman, mwenye duka mjini Kisii, atauza sabuni moja tu ya kienyeji: yangu au ya jirani yangu Joash. Itashinda isiyowasha ngozi. Nataka sana kuliona jina lake kwenye rafu ile. Nimejipaka kiganjani. Sikusikia kitu. Kiganja hiki kimeshika jembe tangu utoto, lakini ngozi ni ngozi.

Jumanne, 6 Machi.
Nimejitolea kumpimia Joash yake. Nikampaka ndani ya mkono, karibu na kiwiko, nikafunika kwa jani la mgomba, nikafunga kamba hadi jioni. Kufungua, nikashtuka. Pekundu! Ushindi wa namna hiyo hata mimi sikuutarajia. Nikampa pole kwa dhati.

Jumatano, 7 Machi.
Nimempelekea Osman habari. Akauliza kama yangu nayo ilifungwa jani. Nikasema haikuhitaji. Akacheka hadi akakalia gunia la chumvi. Akasema, mzee wangu, ya Joash umeipima, yako umeisalimu tu kwa mkono. Kesho zote mbili zipakwe kwenye mkono wako mmoja, chini ya jani.

Alhamisi, 8 Machi.
Sijawahi kuona mkono kama huu. Upande wa Joash umekuwa mwekundu kidogo. Upande wangu, malengelenge. Drusilla, mke wa Joash, alikuwa amejifunga jani tupu, bila sabuni. Nalo limeacha wekundu uleule! Akaniuliza, shemeji, na hili jani tulishtaki kwa Osman?

Ijumaa, 9 Machi.
Sabuni ya Joash iko rafuni. Yeye mwenyewe ameniletea samli ya kupaka. Drusilla amenikumbusha kuwa Kemuma aliiacha sabuni ikauke msimu mzima kabla ya kuigusa. Kweli. Alikuwa akinifukuza kwa mwiko kutoka darini ilikokaukia.

Jumamosi, 10 Machi.
Nimetafakari. Kosa ni la mkono. Ni mwepesi mno wa kulalamika. Kuna duka Nyaramba ambako Osman hajulikani. Sabuni nimeipaka kisiginoni tangu asubuhi, na jani juu yake, ili mtu asiseme sikufuata utaratibu. Kisigino kimetulia kabisa. Jumatatu nitasafiri.