Kaya Arobaini Bila Kutoka Jasho

Jumatatu, 4 Machi
Nimegundua wito wangu. Si udaktari, maana nikiona damu naanguka. Si uuguzi, maana wauguzi hawakai chini. Ni takwimu za afya! Ofisi ya afya ya wilaya inachukua mwanafunzi mmoja tu kwa mafunzo ya vitendo. Kuna feni. Kuna kiti kinachozunguka. Mhadhiri amesema nafasi ni ya atakayeleta madodoso bora ya kaya arobaini. Mpinzani wangu ni Kalamu Mbili, anayekaa mbele na kubeba kalamu ya akiba. Mama nimeshamwambia nafasi ni yangu. Ameshawatangazia wakwe wa dada.

Jumanne, 5 Machi
Kaya tatu, niko hoi. Ya kwanza nilipokewa na mbwa. Ya pili bibi mmoja alinihoji yeye: nimeoa, sijaoa, mbona nimekonda. Ya tatu walidhani nahubiri, wakafunga mlango. Kalamu Mbili yuko kaya ya kumi na tisa na bado anatabasamu. Ananitia kichefuchefu.

Jumatano, 6 Machi
Nimemaliza thelathini na saba zilizobaki, nikiwa kitandani! Kila kaya ina choo safi, sabuni na maji ya kuchemsha. Nikasoma upya. Takwimu za peponi, nani ataziamini? Nikatia chumvi kidogo: wagonjwa kumi na wanne wa kuhara, mtaa mmoja. Nimechagua mtaa wa shangazi, maana ndio pekee ninaojua namba za nyumba zake.

Alhamisi, 7 Machi
Mhadhiri alisoma kazi yangu, akatoka darasani mbio, simu sikioni. Nikajua ananipendekeza.
Saa tano gari la afya lilikuwa mtaani kwa shangazi. Maofisa watano wenye glovu na kipaza sauti. Shangazi anauza chakula. Wamemfungia jiko sufuria zikiwa motoni. Wagonjwa wametafutwa mpaka uvunguni. Amepatikana mmoja, ana mafua. Shangazi alinipigia analia, anasema wateja wamemkimbia na aliyemsingizia atamjua. Nilimpa pole. Roho imeniuma kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekiri. Mhadhiri aliuliza kama najua kituo cha afya kilibaki bila wahudumu kwa ajili ya wagonjwa wangu wa kubuni. Nafasi kapewa Kalamu Mbili. Mimi nimepewa kaya arobaini upya, kwa miguu, nikianzia kwa shangazi. Jiko lake limefunguliwa, na aliyemsingizia ameshamjua. Alijibu maswali yote mwiko mkononi. Lile la mwisho nililiuliza nikiwa barabarani.

Jumamosi, 9 Machi
Kaya moja tayari. Miguu inawaka moto. Nimekaa chini na kulitafakari kosa langu kwa moyo mweupe, na nimeliona. Wagonjwa kumi na wanne mtaa mmoja ni mlipuko, lazima gari lije. Mmoja mmoja katika mitaa kumi na minne, hakuna ofisa atakayeinuka kitini. Zimebaki kaya thelathini na tisa. Nimefunga mlango, nimepanda kitandani.