Henning Fuchs Afunga Hahn

Sogeeni karibu, enyi wenye masikio yasiyochoka, zimeni redio na mziweke simu zenu kifudifudi, kwa maana kinachosimuliwa hapa si habari ya kusikilizwa huku mtu akichambua mchele. Wako waliosifiwa kwa kubomoa ngome, na wako walioimbiwa kwa kuvuka majangwa na majeshi yenye kiu. Leo anasimuliwa Henning Fuchs, mpima macho wa mjini Hannover, mvaa miwani, mwenye mikono laini kama unga uliochekechwa, ambaye asubuhi ya Jumapili ya sikukuu ya kanisa alisimama peke yake katika ua wa Ottmar Hahn, kijijini Hinterbronn, akakifunga kilichopasa kufungwa.

Kwanza lijulikane jina, maana vita vyote hivi vilizaliwa na jina. Kwa Wajerumani, Hahn ni jogoo. Hahn pia ni bomba la maji, ile koki uizungushayo ukiwa na kiu. Koki ya pipa la mvinyo nayo ni Hahn, na koki ya gesi jikoni ni Hahn, na yule jogoo wa shaba aliyesimama juu ya mnara wa kanisa akionyesha upepo unakotoka, naye ni Hahn; hata katika bunduki za mababu, kile kidude kinachovutwa nyuma kabla ya mlio kiliitwa hivyo hivyo. Na juu ya hayo yote Hahn ni ukoo, ukoo mkongwe wa wakulima wa mizabibu, ulioandikwa kwa herufi za chuma juu ya lango la Ottmar tangu zama za babu wa babu yake. Ottmar, mzee wa mabega mapana na maneno machache, alikuwa Hahn wa mwisho pale kijijini, kwa kuwa Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, Friederike. Na Friederike alikuwa amechumbiwa na Henning Fuchs. Na Fuchs, wapenzi wasikilizaji, ni mbweha.

Kijiji kizima kilicheka. Mwoka mikate alicheka, wazima moto wa kujitolea walicheka, hata mchungaji wa kanisa alijifanya anakohoa. Mbweha anaposa nyumbani kwa jogoo, walisema, na huyo jogoo anamkaribisha kahawa. Ottmar peke yake hakucheka. Kwa muda wote wa uchumba ule alimwita kijana yule "Bwana Fuchs", na Hinterbronn ni mahali ambapo watu wawili wakisaidiana kusukuma trekta mara moja tu huitana kwa jina la kwanza mpaka kaburini. "Bwana Fuchs" lilikuwa lango lililofungwa kwa komeo. Friederike, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kusema wazi kwamba yeye atabaki Hahn, na kwamba Henning akitaka, sheria inamruhusu naye achukue jina la mkewe, awe Hahn. Henning alijibu kwamba atafikiri, na tangu Pasaka alikuwa anafikiri.

Basi ikapambazuka Jumapili ya sikukuu. Baada ya ibada wageni walikuwa waje kula uani kwa Ottmar, kama ilivyokuwa kila mwaka. Keki za vitunguu na keki za tufaha zilikuwa zimepangwa kwenye mbao katika sakafu ya ghala la chini ya nyumba, penye ubaridi, kando ya pipa la mvinyo mchanga wa mavuno mapya. Ottmar alikuwa mbeba bendera kanisani, Friederike mpiga tarumbeta. Henning akabaki ili apange meza. Mzee alipofika langoni, bendera begani, aligeuka na kutoa amri. Wakati huo huo kengele za kanisa zikaanza kugonga, na katika amri nzima Henning alisikia maneno mawili tu, moja mwanzoni na moja mwishoni.

"Hahn," alisema Ottmar, midomo ikaendelea kucheza chini ya kishindo cha kengele, "afungwe."

Mtu mwingine angeuliza. Lakini mwezi uliopita Henning aliuliza kama ng'ombe fulani anatoa maziwa mengi, na ng'ombe yule alikuwa fahali, na jicho alilotazamwa nalo siku ile lilikuwa bado linamchoma. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mzee akaenda zake.

Sasa jogoo wa Ottmar hakuwa na jina jingine. Aliitwa Hahn tu, kwani mzee hakuona sababu ya kumpa la pili mtu mwenye jina zuri namna ile. Naye alikuwa jogoo wa kutisha, mwenye kilemba chekundu na kucha kama miundu, aliyewahi kumfukuza mchungaji mpaka ndani ya gari lake na kumzuia humo mpaka chakula kikapoa. Wageni wanakuja, Henning akawaza, na mchungaji ni mmoja wao. Ni wazi ni nani anayepasa kufungwa.

Akatwaa kitambaa cheupe cha meza, akakikunjua kama tanga, akashuka uani. Na kwa kuwa alikuwa mtu muungwana, alisema kwanza na adui.

"Ewe Hahn," alisema, "mimi sina ugomvi nawe. Mwenye nyumba ameagiza ufungwe, nami nimekuja hapa kuoa, sikuja kubishana. Ingia bandani kwa heshima yako, na mimi nitasema uliingia mwenyewe."

Jogoo alimsikiliza, kichwa upande. Kisha akamrukia kifuani.

Nani ataeleza yaliyofuata bila kuhema? Walizunguka lundo la samadi, mbweha nyuma na jogoo mbele, kisha jogoo nyuma na mbweha mbele. Walipita chini ya trekta, walipita kati ya nguo zilizoanikwa, wakavunja mpaka na kuivamia nchi ya jirani, yaani bustani ya kabichi ya Bi Waltraud Pfister. Bi Waltraud alikuwa amebaki nyumbani kwa ajili ya goti lake, na sasa alikuwa ameketi dirishani na kikombe cha kahawa, akimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa lile goti.

"Bwana Fuchs," aliita kwa upole, "zamani mbweha ndiye aliyekuwa akimla jogoo. Au mjini mmebadilisha utaratibu?"

Henning aliendelea kukimbia. Katika majani ya kuwasha, kando ya ukuta, miwani ilimtoka ikapotea, na yeye aliyewapa macho watu wengi wa Hannover akabaki gizani mchana kweupe. Aliona kilemba chekundu mbele yake, akaruka, akakifunika kwa kitambaa, akakikumbatia kwa nguvu zote za kiume. Kilikuwa chungu cha maua. Lakini jogoo, akistaajabu kumwona adui akishindana na chungu, alikaribia ili atazame vizuri, na hilo ndilo kosa lililomponza. Maana Henning aligeuka na kumtupia kitambaa, wakabingirika pamoja katika kabichi, manyoya yakipaa, mpaka yule aliyekuwa juu akawa mpima macho.

Alimbeba mpaka bandani, akatia komeo, akaiegemea ile milango kama mlinzi wa jiji lililonusurika. Damu ilimtoka kidogo kwenye kidevu. Akarudi kwenye yale majani ya kuwasha, akaipapasa miwani yake, akaipata, akaivaa, na dunia ikamrudia, yenye mistari yake yote.

"Umefanya vizuri," alisema Bi Waltraud, ambaye sasa alikuwa amesogea mpaka kwenye uzio. "Jogoo umemfunga. Na Hahn je?"

Henning akamtazama. Kisha akatazama alikokuwa akitazama yeye.

Bomba la uani lilikuwa wazi. Kabla ya kuondoka Ottmar alikuwa akijaza hodhi la ng'ombe, akasahau kufunga. Hodhi lilijaa zamani, na maji, yakikosa pa kukaa, yalikuwa yanasafiri kwa utulivu kuvuka ua, kuelekea ngazi za ghala la chini, kulikokuwa na keki, na pipa, na heshima yote ya nyumba ya Hahn mbele ya wageni.

Ndipo alipoona ni Hahn yupi aliyeagizwa kumfunga. Alikimbia. Alilikamata lile bomba kwa mikono miwili, akalizungusha. Nalo lilikuwa bomba la zamani, lenye kutu na kiburi, halikuwahi kumtii mtu asiyekuwa na jina lake. Alilibembeleza, likakataa. Alilitukana kwa lugha ya Hannover, likakataa. Akaweka nguvu zake zote na za mababu zake, na mshikio ukakatika ukabaki mkononi mwake, na maji yakaruka juu kuliko mwanzo, yakamlowesha kutoka utosini.

"Huyo amekwisha," alisema Bi Waltraud. "Sasa inabidi umfuate mkubwa wao."

"Mkubwa gani?"

"Hahn mkuu, anayefunga maji ya nyumba nzima. Yuko chini ghalani, nyuma ya pipa. Lakini sijui kama utamfikia. Marehemu mume wangu alijaribu mara moja, akanasa, ikabidi tumkate shati ndipo atoke."

Henning Fuchs alishuka. Ghalani maji yalikuwa yameanza kutandaa, na mbao za kwanza za keki zilikuwa zimelowa pembeni. Alizinyanyua zote, moja baada ya nyingine, akazipandisha juu ya rafu. Kisha akajipenyeza nyuma ya pipa, tumbo ukutani na mgongo kwenye mbao za pipa. Alipojipenyeza, mkanda wake uliinasa koki ya pipa, ikafunguka, na mvinyo mchanga ukaanza kumwagika juu ya kiatu chake. Hapo alisimama, mkono wa kushoto ukinyooka kuelekea koki ya pipa na wa kulia ukiitafuta ile kuu, ukutani, katika utando wa buibui, shavu lake likiwa limebanwa kwenye jiwe.

Na katika hali ile, asiyeweza kwenda mbele wala nyuma, alijikuta anamfikiria Ottmar. Alimwona akijibana hapa kila majira ya baridi ili maji yasigande, na kabla yake baba yake, na babu yake, kila Hahn kwa zamu yake akiweka shavu kwenye jiwe hili hili. Alihisi jinsi jiwe lilivyokuwa laini mahali pale. Haikumjia hoja yoyote, wala hakukata shauri lolote. Ila lile jambo alilolifikiri tangu Pasaka liliacha kuwa zito.

Vidole vikaigusa koki kuu. Akavuta pumzi, akazungusha mikono yote miwili kwa pamoja. Koki ya kushoto ikafunga mvinyo. Ya kulia ililia, ikasita, ikalia tena, kisha ikageuka. Na juu, uani, sauti ya maji ikanyamaza.

Wageni walipofika, walimkuta mchumba wa Friederike ameketi kwenye ngazi, manyoya nyweleni, mshikio wa bomba mkononi, akinuka mvinyo kabla ya mtu yeyote kunywa. Meza hazikupangwa hata moja. Ottmar alitua bendera yake. Alikwenda kutazama bomba. Akashuka ghalani, akakaa huko kitambo, akapanda. Akaenda bandani, akatazamana na jogoo. 

"Ni mimi niliyeyaacha maji wazi," alisema hatimaye.

"Lakini uliniambia niyafunge," alisema Henning. "Sikusikia sawasawa. Nilianza na jogoo."

Mzee akatikisa kichwa. "Nilisema koki ya gesi. Chini ya sufuria ya supu."

Watu wote wakageukia jiko la gesi lililokuwa pembeni mwa ua. Friederike, tarumbeta kwapani, alisema alikwisha kuifunga mwenyewe kabla ya kutoka, kwa sababu baba yake hutoa amri ile kila Jumapili na hakuna aliyewahi kumwelewa.

Hapo kitu kikaanza kutikisika katika yale mabega mapana, na wengine walidhani mzee anaugua, maana hawakuwa wamezoea kumwona akicheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi, kando ya kijana. Alipotulia, alisimama juu ya benchi, akainua bilauri, na akatoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake.

"Enyi watu wa Hinterbronn," alisema, "niliagiza Hahn mmoja afungwe. Mtu huyu amemfunga wa banda, na wa maji, na wa pipa. Keki mtakazokula zimeokolewa na yeye. Asiyempa mkono leo asile." Kisha akainama kumtazama. "Mimi ni Ottmar."

Neno hilo lilipita juu ya meza kama upepo. Henning akasimama, maji yakimchuruzika, akasema naye ni Henning, wakagonganisha bilauri, na Bi Waltraud akajifuta macho kwa kitambaa kilekile cha meza, kilichokuwa kimejaa kabichi.

"Na kama bado inawezekana," Henning akaongeza, akimtazama Friederike, "mimi ningependa kuwa Hahn."

Friederike akamsogelea. Alimtoa unyoya nyweleni akautia mfukoni mwake. Ottmar akamshika bega.

"Fikiri vizuri, Henning," alisema. "Kwa jina hili, mtu akiita hapa, hutajua kama ni wewe unatakiwa, au ni maji, au ni kuku."

Na iandikwe, pale yanapoandikwa mambo makuu ya mataifa, kwamba ndivyo alivyoshinda Henning, mpambanaji wa kabichi, mfunga Hahn watatu, mbweha wa kwanza kuingia nyumba ya jogoo na kutoka humo akiwa jogoo. Hinterbronn sasa wanahesabu miaka kuanzia Jumapili ile, na mshikio wa bomba umetundikwa katika baa ya kijiji, mahali ambapo zamani palikuwa na picha ya timu ya kandanda.

Kabla keki hazijaisha, mtu mmoja mwisho wa meza, bilauri yake tupu, aliita kwa sauti kubwa: "Hahn." Wakasimama wanaume wawili.